Vidonge vya wifi na chai ya mama mkwe

Shikamoo Shangazi,

Naishi Mtwara mjini, Chikongola, na mume wangu na mtoto wetu wa miaka minne. Tangu mwaka juzi tunaishi na mama mkwe. Tulimchukua Newala alipogundulika ana kisukari. Ana miaka 66, anameza dawa za aina mbili, metformini na kile kidonge kidogo kinachoitwa glibenklamaidi. Mimi na yeye hatuna ugomvi, ananiita mwanangu na mimi namwita mama. Neno limeingia kwa wifi.

Wifi anakaa Dar. Idi iliyopita alikuja na kikopo cha vidonge vyeupe, vidogo kama kichwa cha kiberiti, ukibofya kinadondoka kimoja. Akaleta na boksi la vipakiti. Akasema mama sasa atakunywa chai tamu isiyo na sukari. Kisha akafungua kabati langu, akatoa sukari yote iliyokuwamo, akampa jirani. "Nikirudi nikute sukari humu ndani, nitajua ni nani anayetaka kumuua mama yangu." Shangazi, maneno hayo aliyasema mbele ya wageni wa Idi.

Zamani mama alikunywa vikombe viwili vya chai kwa siku, kila kikombe kijiko kimoja cha sukari. Sasa ni vitano, hata sita. Na chai haishuki peke yake. Asubuhi vitumbua vitatu, saa nne muhogo wa kuchemsha, jioni mandazi. Nikimwambia mama punguza, ananijibu, "Sukari si mmeshaitoa? Mnanibania nini tena?" Miezi michache nyuma sukari yake ya asubuhi kliniki ilikuwa 9. Juzi imesoma 13.

Jirani kanirushia sauti ya WhatsApp inayosema vidonge hivi vinaleta kansa. Mume wangu alipoisikia akaja na dumu la lita tano la asali ya Liwale, eti asali imetajwa ndani ya Kurani na ni dawa, mama anywe hiyo. Matokeo yake mama anatia vidonge viwili, halafu na asali juu yake.

Mimi mwenyewe nilinenepa baada ya kujifungua, nikaanza kuvitumia hivyo vidonge na soda zile za bila sukari, moja kila siku. Mwezi wa tatu huu sioni kilichopungua. Mtoto naye kavizoea, anavilamba kama pipi.

Kingine, sijui kama kinahusiana. Mwezi uliopita kuna usiku mama alikataa kula, akasema tumbo limejaa. Akameza dawa zake, akalala. Saa sita tukamsikia anaongea peke yake. Jasho limelowesha kanga, anatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki. Tukampa chai ya moto yenye vidonge vinne apate nguvu, wapi. Bibi wa nyumba ya pili akasema ni mashetani, tufukize ubani. Baadaye akala ubwabwa uliobaki, pole pole akatulia. Asubuhi hakumbuki kitu. Tukasema labda ilikuwa malaria.

Naomba unisaidie. Vidonge hivi ni sumu au si sumu? Asali je? Na wifi nimwambieje bila kuvunja undugu?

Mkamwana, Chikongola


Marahaba mwanangu.

Umeuliza maswali matatu, na lile kubwa kuliko yote hukuliuliza. Umelitupa mwishoni na kuandika "sijui kama kinahusiana". Nitaanza na hilo, kwa sababu mengine yanaweza kungoja hata wiki, lakini hili lisingoje jioni ya leo.

Jasho jingi, kutetemeka, maneno yasiyoshikana, kumwita mtu jina la mwingine, na yote hayo kwa mgonjwa wa kisukari aliyemeza dawa akalala bila kula: hizo ni dalili za sukari kushuka. Kile kidonge kidogo, glibenklamaidi, kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, na hakiulizi kwanza kama mtu amekula. Insulini ikishatoka inaondoa sukari kwenye damu. Tumboni kama hamna chakula cha kuleta nyingine, sukari inazidi kuteremka, na ubongo, ambao hautaki kukaa hata dakika chache bila sukari, unaanza kuyumba. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kumfikisha mtu huko. Kidonge kidogo kinamfikisha, hasa mtu mzima wa umri wake, na zaidi kama figo zimeanza kuchoka.

Nanyi kwa huruma mkampa chai ya vidonge vinne. Mwanangu, mlimpa utamu, sukari hamkumpa. Ulimi ulionja, damu haikupata kitu. Kilichomrudisha ni ubwabwa, na ndiyo maana alirudi pole pole, kwa kuwa wali unataka muda wa kumeng'enywa kabla haujawa sukari kwenye damu. Mungu aliwasitiri. Asingekuwa na nguvu ya kutafuna, tungekuwa tunazungumza mengine.

Kwa hiyo sukari irudi ndani ya nyumba leo. Nunua hata nusu kilo. Dalili zile zikirudi, mchana au usiku, kama ana fahamu na anaweza kumeza, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji anywe. Hizo ni kama gramu 15 hivi. Au mpe nusu glasi ya soda ya kawaida, ile yenye sukari yake kamili, wala si ile unayokunywa wewe. Au asali ya mume wako kijiko kimoja kikubwa. Hapo ndipo dumu lile litapata kazi yake. Subirini dakika 15. Kama bado anatetemeka, mpeni tena kiasi kile kile. Akitulia ale chakula cha kawaida, ndizi na mkate, au huo ubwabwa. Kashata ya nazi msimpe kwa haraka hiyo, mafuta yake yanaichelewesha sukari isiingie. Na kama amepoteza fahamu, msimtie kitu chochote mdomoni, hata maji, atapaliwa. Mlazeni ubavu, tafuteni bajaji, mkimbizeni hospitali ya Ligula. Ubani fukizeni baadaye mkitaka, nyumba inukie.

Hata akitulia nyumbani, mpelekeni akaonwe siku hiyo hiyo. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, mtu anaweza kuinuka saa saba usiku akaanguka tena alfajiri. Na tukio la mwezi uliopita daktari wake lazima alijue. Pengine atapunguza dozi, pengine atabadili dawa kabisa. Msiisimamishe wenyewe kwa hofu, mkaiacha sukari ipande bila kinga. Kidonge kile kimezwe chakula kikiwa mezani, na siku tumbo likikataa, pigeni simu kliniki kabla hajameza. Ramadhani ikikaribia, swali la kufunga nalo aende nalo kwa daktari mapema, asingoje mwezi uandame.

Mambo ya vidonge vya wifi sasa, hizi sukari mbadala.

Historia ya hivi vitu inanichekesha kila nikiikumbuka, maana ni historia ya watu wasionawa mikono. Mwaka 1879, Marekani, mkemia Constantin Fahlberg alitoka maabara akaketi kula, akaona mkate wake ni mtamu ajabu. Utamu ulitoka vidoleni mwake. Ikazaliwa sakarini. Mwaka 1965 mkemia mwingine, James Schlatter, alilamba kidole ili afunue karatasi, naye akakutana na utamu ambao hakuutegemea. Hiyo ni aspatami. Wewe usiwaige, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kinachozifanya ziwe na maana kwa mgonjwa wa kisukari ni ukali wa utamu wake. Aspatami ni tamu kuliko sukari mara 200 hivi, sakarini mara 300 au zaidi, sukralosi mara 600. Kwa hiyo punje ndogo kama kichwa cha kiberiti inatosha kikombe kizima, na punje hiyo haina nishati ya kuhesabika wala haiigeuzi sukari ya damu. Stivia ni jamaa yao wa shambani. Utamu wake hutolewa kwenye majani ya mmea wa Paraguay, ukasafishwa, nao unafikia mara 200 hadi 300. Watu wanaupenda kwa kuwa ni wa majani. Mimi majani hayanipi wala hayaninyimi imani, tumbaku nayo ni majani.

Geuza kikopo chako usome jina lililoandikwa kwa herufi ndogo, kisha tazama tarehe ya kwisha muda. Kisichokuwa na maandishi yoyote, kilichofungwa kwenye nailoni sokoni kikaitwa "sukari ya kisukari", hicho usimpe mama.

Kuhusu kansa, sauti uliyorushiwa ina chembe ya kweli iliyovimbishwa. Mwezi Julai 2023, tawi la Shirika la Afya Duniani linaloshughulikia saratani liliiweka aspatami kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani, kwa ushahidi ambao wenyewe walisema ni mdogo. Kundi hilo hilo lina dondoo la jani zima la aloe vera, ambalo nina hakika watu kadhaa mtaani kwako wanalinywa kama dawa. Mwezi ule ule, kamati ya wataalamu inayopima kiasi salama kwenye vyakula ilipitia ushahidi ikaacha kiwango chake pale pale: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Walitoa na mfano. Mtu mzima wa kilo 70 angepaswa kunywa kopo 9 hadi 14 za soda ya bila sukari kwa siku moja ndipo avuke mpaka huo, na hapo ni kama hapati aspatami kwingine.

Tufanye hesabu ya nyumbani kwako. Tuseme mama ana kilo 60. Mpaka wake ni miligramu 2,400. Hata kila kidonge kikiwa na miligramu 20, ni vidonge 120 kwa siku. Yeye anatumia kumi, kumi na viwili. Kama kikopo chako ni cha sakarini mpaka ni mdogo zaidi, miligramu 5 kwa kilo, yaani 300 kwa mama yako, kwa hiyo soma kila kidonge kina ngapi kisha uzidishe. Sakarini nayo iliwahi kuvaa jina baya. Panya walipata uvimbe wa kibofu, na Marekani kuanzia 1977 bidhaa zake zikabandikwa onyo. Baadaye ikaonekana kilichowatokea panya kinatokana na maumbile ya mkojo wa panya, si wa binadamu, na mwaka 2000 onyo likaondolewa.

Wapo wachache ambao aspatami hawaruhusiwi kabisa, wale waliozaliwa na ugonjwa adimu wa mwili kushindwa kuivunja fenilalanini, kitu kimojawapo kilichomo ndani ya aspatami. Mtu mwenye ugonjwa huo kwa kawaida huwa ameshajulikana tangu utotoni. Mama yako wa miaka 66 angekuwa nao msingekuwa mnangoja barua yangu.

Basi kama vidonge si sumu, mbona sukari imetoka 9 ikafika 13?

Hapa naomba ushike kalamu. Zamani mama alikuwa anatumia vijiko viwili vya sukari kwenye chai kwa siku nzima. Kijiko cha chai ni gramu 4 hivi, jumla gramu 8. Hicho ndicho wifi alichokiondoa. Muhogo je? Gramu 100 za muhogo zina wanga unaokaribia gramu 38, na wanga ukifika tumboni unavunjwa kuwa sukari. Sahani ndogo ya saa nne, yenye gramu 200, inamletea sukari ya zaidi ya vijiko kumi na tano vya chai. Umeona? Mlango wa mbele mmefukuza vijiko viwili, mlango wa uani vimeingia kumi na tano, tena bado vitumbua, ambavyo ni unga wa mchele na sukari yake humo humo ndani, bado mandazi, bado maziwa ya chai. Maziwa matupu robo lita yana sukari yake ya asili gramu 12 hivi, na kidonge cha wifi hakiigusi.

Mama hadanganyi anaposema sukari mmeitoa. Ameambiwa chai haina sukari, akaelewa kuwa amepewa ruhusa. Nimewaona wengi hivyo, na wala si wazee tu. Huyo huyo anayeagiza soda ya bila sukari ndiye anayeongeza sahani ya chipsi.

Sasa usiende kumnyang'anya muhogo. Mtu wa Newala ukimwambia asile muhogo, ugali wa makopa na kisamvu, umemwambia asirudi kwao. Apunguze kipande na asiule mkavu na chai tamu. Muhogo kipande cha kiganja, samaki, mboga nyingi. Mchana na usiku nusu ya sahani iwe mboga za majani, matembele, mchicha, mlenda, kisamvu nacho, ila tui la nazi lisiwe zito kama la harusini. Robo iwe ugali au wali. Robo iliyobaki samaki, kunde au mbaazi. Vitumbua vitatu viwe kimoja, na siku nyingine yai la kuchemsha na korosho kiganja kimoja. Korosho zetu zina wanga kidogo kuliko kitumbua, ingawa mafuta yake ni mengi, kwa hiyo kiganja ni kiganja, si kikapu.

Wengine huniuliza kama wanaweza kupikia vitumbua kwa hivi vidonge. Aspatami ikikutana na moto wa kikaangio utamu wake unapotea. Sukralosi inastahimili. Lakini unga wa mchele unabaki unga wa mchele.

Na vile vipakiti: unga mwingi uliomo si utamu wenyewe, kwa kuwa utamu wenyewe ungekuwa punje ambayo hata huwezi kuishika. Hujaziwa dekstrosi au maltodekstrini, ambazo ni sukari na wanga, ili mtu aone amepata kitu. Kipakiti kimoja hakina neno. Kumi kwa siku vinaanza kuhesabika.

Asali. Mume wako nampenda kwa kuwa alitoka na pesa yake akanunua asali ya kweli, lakini kwa mgonjwa wa kisukari asali ni sukari iliyovaa kanzu. Kijiko kikubwa cha asali ni kizito kuliko cha sukari, kina sukari gramu 17 hivi, wakati kijiko hicho hicho cha sukari nyeupe kina kama 12. Kwa sababu ni tamu zaidi mtu anaweza kutia kidogo, hiyo kweli, ila mama yako anaitia juu ya vidonge viwili. Sukari guru na sukari ya kahawia nazo ni za ukoo huo huo, rangi isikuhadae. Wala simpingi mumeo katika dini. Asali kuwa na shifaa hakumaanishi kila mgonjwa atie kila chai. Nyinyi wazima itumieni kwa kiasi, na chupa ndogo iwekwe kwa ajili ya ule usiku niliousema. Kukiwa na mtoto mchanga katika ukoo, aliye chini ya mwaka mmoja, asilambishwe asali hata kwa mila, kuna vijidudu vinavyoweza kukaa humo na tumbo la mchanga haliviwezi.

Chai yenyewe aendelee na kidonge kimoja, si viwili. Taratibu, wiki hadi wiki, vunja katikati iwe nusu. Ulimi unafundishika. Tia iliki, mdalasini, tangawizi, mchaichai wa uani, chai inukie hadi mtu asahau kuuliza sukari. Vikombe virudi viwili au vitatu, kiu nyingine izimwe kwa maji.

Wewe na soda yako. Soda ya kawaida ya mililita 350 ina sukari inayokaribia gramu 37, vijiko tisa vya chai, kwa hiyo kama ulikuwa mnywaji wa hizo, kubadili kumekupunguzia kitu. Kama hukuwa, hujapunguza chochote, umeongeza gharama. Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee hizi sukari mbadala kupunguza uzito, kwa kuwa kwa muda mrefu hazikuonyesha kuleta faida hiyo. Ushauri huo, uangalie vizuri, haukuwagusa watu ambao tayari wana kisukari, kwa hiyo usije ukamnyang'anya mama kikopo kwa kusikia nusu ya habari redioni. Kwako wewe ni maji, sahani ndogo, na miguu. Kutoka Chikongola hadi Shangani kwa mguu jioni kuna upepo mzuri.

Mtoto asipewe. Si kwamba kimoja kitamdhuru, lakini mtoto wa miaka minne hana kisukari wala hahitaji kufundishwa kwamba kila kitu sharti kiwe kitamu mara mia mbili. Na mtoto aliyezoea kubofya kikopo cheupe akapata pipi, siku moja atabofya kikopo cheupe cha glibenklamaidi ya bibi yake. Hilo linanitisha kuliko kansa ya WhatsApp. Kidonge kimoja cha dawa ile kinaweza kuishusha sukari ya mtoto mdogo vibaya. Vyote viwili viwekwe juu, kabatini, kwa ufunguo. Zile pipi na bigijii za "bila sukari" nazo mara nyingi huwa na sorbitoli au ksilitoli, vitia utamu vya aina nyingine, akila nyingi atakesha chooni.

Tumefika kwa wifi. Nia yake haikuwa mbaya, mdomo wake ndio ulikuwa mbaya. Mtu anayekaa mbali na mama yake mgonjwa huwa na hofu na hatia vimechanganyika, akifika anataka afanye jambo moja kubwa linaloonekana, ndipo anafungua kabati la watu. Lakini kukwambia unataka kuua mbele ya wageni halikuwa neno dogo, na si wewe wa kulijibu. Mume wako ndiye ndugu yake. Yeye ampigie, bila wewe kuwepo, amwambie mambo mawili tu: kwamba mke wangu ndiye anayekesha na mama, na kwamba usiku fulani mama nusura atutoke kwa kukosa sukari ndani ya nyumba. Asimlaumu. Aseme hivyo, anyamaze.

Siku ya kliniki, mwombe nesi au daktari aongee na wifi kwa simu, papo hapo mama akiwepo. Neno la kurudisha sukari likitoka kwa mtu wa hospitali halitakuwa neno la mkamwana. Sukari yenyewe itie kwenye chupa ndogo, uiandike DAWA kwa kalamu ya wino, iwekwe chumbani kwa mama na si jikoni. Hata akirudi akafungua kabati hatakuta kitu.

Kisha mwombe msaada. Watu wa namna ya wifi wakipewa kazi hupoa. Mwambie vidonge vipo vya kutosha, kinachohitajika ni mashine ya kupimia sukari, na hasa zile stripu zake, maana mashine hununuliwa mara moja lakini stripu huisha. Achange stripu za kila mwezi.

Mashine ikifika usimpime mama kwa siri ukamsomea namba kama hakimu. Mkae naye barazani. Mpime asubuhi kabla hajala. Anywe chai yake ya kidonge na vitumbua vitatu kama alivyozoea, umwache, saa mbili zikipita umpime tena, namba aisome mwenyewe. Kesho yake chai ile ile, kidonge kile kile, lakini na kitumbua kimoja na kipande cha samaki. Pima tena saa mbili baadaye. Daktari kwa kawaida angependa namba hiyo ya baada ya kula ibaki chini ya 10, ingawa kwa mama atampangia ya kwake. Ziandikwe kwenye daftari la mtoto, ukurasa mmoja, mstari juu ya mstari, na daftari liende nalo kliniki. Nawe nitumie namba za siku hizo mbili, nataka kujua mama mkwe alisema nini alipoziona.

Shangazi